Bei Sikuipandisha Mimi: Nani Anayeboronga Sarufi?

Wapenzi wa ushairi mniwie radhi nikianzia sokoni badala ya kuanzia kwa malenga. Soko lenyewe ni Soko Kuu la Chifu Kingalu, mjini Morogoro, na siku yenyewe ni Jumamosi moja ya masika, mawingu yameikalia milima ya Uluguru tangu alfajiri. Mbele yangu alikuwako bwana mmoja akitaka nyanya. Akamwambia muuzaji, mama wa makamo aliyeteremka na matenga yake kutoka Mgeta: "Mama, nyanya umezipandisha bei." Yule mama alikuwa akipanga mafungu, hata macho hakuyainua. Akajibu:

"Bei sikuipandisha mimi, kaka. Barabara ndiyo iliyoipandisha."

Bwana akalipa. Mimi nikabaki nimesimama, naurudia usemi ule mdomoni kama mtoto aliyeonjeshwa halua. Maneno saba tu, na kila moja limekaa pale lilipotakiwa kukaa. Bei imetangulia kwa sababu bei ndiyo shitaka aliloshitakiwa. Ilipotangulia, ikaacha kiambishi chake ndani ya kitenzi, kama mtu anayeondoka barazani akaacha kofia yake ili nafasi isichukuliwe. "Mimi" limesukumwa nyuma ya kitenzi, ambako pumzi hulipiga kwa nguvu zaidi. Kisha ikaja hukumu na muhuri wake: "ndiyo". Sasa tuunyooshe usemi huu kama tunavyofundishwa kunyoosha: "Mimi sikupandisha bei, bali barabara ilipandisha bei." Kosa la sarufi hamna. Mama wa Mgeta naye hamna. Hayo ni maelezo aliyoandikiwa mtu na askari kituoni.

Ningeyaacha pale pale sokoni lau si yaliyonikuta jioni ile nyumbani kwa dada yangu, Bigwa, kwenye miguu ya mlima. Dada yangu ameolewa na Mluguru, na mwanawe wa kike yuko kidato cha tatu. Kwa Waluguru ukoo hufuata upande wa mama, hivyo mjomba ni mtu mwenye uzito wake. Nikaitumia hadhi hiyo kuomba daftari la Kiswahili nilipekue. Mtoto alikuwa ameandika insha juu ya shangazi yake. Moja ya sentensi zake ilisema: "Shangazi yangu ndizi huzibeba kichwani mwenyewe." Wino mwekundu ulikuwa umeipiga mstari, na pembeni pameandikwa: "Mpangilio mbovu. Shangazi yangu hubeba ndizi kichwani." Mbele kidogo aliandika: "Nilimsaidia mimi, kaka zangu walilala." Nayo ikanyooshwa: "Mimi nilimsaidia na kaka zangu walilala." Alama mbili zimekwenda.

Nikafungua kurasa za mbele. Hapo palikuwa na maelezo ya somo la ushairi, ameyanakili kwa hati nzuri. Chini ya kichwa "Uhuru wa Mshairi" yamepangwa inkisari, mazida, tabdila, na la nne kuboronga sarufi: mshairi huvunja kanuni za sarufi kwa kuupangua mpangilio wa maneno ili apate vina na mizani. Ukafuata mfano, na mfano wenyewe ulijengwa sawasawa na zile ndizi za shangazi. Yambwa mbele, kiambishi chake ndani ya kitenzi, mtendaji nyuma.

Mtoto akaniuliza: "Mjomba, mshairi akikosea anasifiwa, mimi nikikosea nanyang'anywa alama. Mbona?"

Swali hili ndilo lililonikalisha kitako kuandika. Nitalijibu hapa, kwa kuwa pale barazani nilibabaika. Hakukosea yeye, na mshairi hakukosea. Aliyekosea ni aliyeita kosa kitu ambacho ndicho uti wa mgongo wa lugha yetu, akampa mshairi msamaha asiouhitaji na akamnyima mtoto haki aliyozaliwa nayo.

Tazama kitenzi cha Kiswahili. Kinazaliwa kikiwa na mwenyewe tumboni. Ukisema "nimefika", mfikaji umekwisha kumtaja, hakuna wa kukuuliza ni nani. Kwa sababu hiyo neno "mimi" kwetu ni mtu huru. Halina kazi ya kila siku, basi likionekana mlangoni wote hugeuka kulitazama: limekuja kwa jambo. Kiwakilishi cha Kiingereza, kinyume chake, ni ngamia wa kinu cha mafuta. Kuwe na haja kusiwe na haja, lazima azunguke. Hata mvua ikinyesha Mwingereza hutafuta mtenda asiyekuwapo ampachike mbele ya kitenzi, sentensi isije ikakosa kichwa. Neno linalotumika hivyo mchana kutwa haliwezi tena kushtua kwa kuonekana tu. Ndiyo maana Mwingereza akitaka kutilia mkazo hulikaza neno lile lile kwa sauti, na akiandika huzilaza herufi zake ili msomaji ajue.

Sisi mkazo wa neno umefungwa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Sauti ya sentensi hupanda na kushuka, bila shaka. Bibi Ashton alipotoa sarufi yake ya Kiswahili mwaka 1944 alilitangaza suala la kiimbo hata kwenye jina la kitabu. Lakini kazi kubwa ya uzito tumeiacha kwa mahali. Neno hupata nguvu kwa pale linapokaa, na kwa kuwapo kwake pale ambapo lingeweza kukosekana.

Msomaji wa pwani ajaribu mwenyewe. "Unakwenda wapi?" ni swali la rafiki njiani. "Wewe unakwenda wapi?" ni swali la mtu aliyekwisha kuwauliza wengine, na sasa zamu imekufikia. "Unakwenda wapi wewe?" ni mama mlangoni, Magharibi imeadhiniwa, na mtoto ana kiatu kimoja mguuni. Maneno ni yale yale matatu, na wa tatu hahitaji kupandisha sauti. Au linganisha "mimi sijui" na "sijui mimi". La kwanza linaacha uwezekano kwamba yuko ajuaye, kamuulize. La pili linafunga dirisha: msinitie katika mambo yenu. Sijapata kuona kitabu cha skuli kinachoeleza tofauti hiyo, ilhali hakuna mtoto wa Ng'ambo wala wa Bigwa asiyeijua.

Kisha kuna ile namna ambayo naiona tamu kuliko zote, ya kukitanguliza kitenzi chenyewe kikiwa jina. "Kula nimekula." Mwenye masikio anajua kwamba habari haijesha, kuna "lakini" inakuja: kushiba sijashiba. "Kuja atakuja." Basi usimtarajie mapema, au usitarajie atakuja na pesa. Nusu ya maana imekaa katika lisilosemwa, na kilicholiweka pale ni mpangilio wa maneno tu. Kadhalika barabara za Uluguru zina sarufi yao. "Njia hii wakati wa masika haipiti gari," watakwambia, na njia ndiyo inayoshika usukani wa kitenzi wakati gari limekaa nyuma kama abiria. Ukimpelekea mnyooshaji, atakurudishia: "Gari halipiti katika njia hii." Ni kweli pia. Ila sasa unazungumzia gari, na mwenzio alikuwa akizungumzia njia.

Kunyoosha huku kumetoka wapi? Nina shaka yangu, nami naisema wazi. Tumefundishwa Kiingereza kwa kanuni ya kiima, kitenzi, yambwa, tena kwa fimbo, mpaka tukaamini kwamba huo ndio umbo la akili. Tulipogeuka kukifundisha Kiswahili tukakivisha kanzu ile ile. Na hata Kiingereza tulichokariri ni kile cha ubaoni. Waingereza wakiwa kwao, wameketi na chai yao, hulitanguliza jambo wanalolipenda au wanalolichukia kabla ya kumtaja mwenye kupenda. Na wale wa kaskazini ya nchi yao humsifu mtu kwa "yeye" kwanza, kisha jina lake wakalirudia mwishoni mwa sentensi, kama vile mama wa Mgeta alivyoisukuma "mimi" yake. Mazungumzo ya watu hayanyooki, popote duniani. Sisi tulinunua mfupa, nyama tukaiacha buchani.

Matokeo yake ni hasara ya namna mbili, na ajabu ni kwamba zinapingana. Huku tunawakata watoto "mimi" inapostahili kuwapo, na huko tunaimwaga isipostahili. Sikilizeni watoto wanavyofundishwa kujieleza: "Mimi ninaitwa fulani. Mimi ninasoma darasa la tano. Mimi ninapenda wali." Huyo si mtoto wa Kiswahili anayesema, hiyo ni tafsiri iliyovaa sare ya skuli. Mtoto akizoea kuitumia "mimi" kama tarumbeta kila hatua, siku atakapotaka kusema "nilimsaidia mimi", tarumbeta imepasuka. Sikilizeni pia habari zinazofasiriwa mbio mbio: "Yeye alisema kwamba yeye atahudhuria." Ni watu wawili au mmoja? Kwa Kiswahili safi, "yeye" wa pili anageuza maana, huenda mwengine atatuma mjumbe lakini yeye atafika kwa miguu yake. Kwa Kiswahili cha mfasiri, hana maana yoyote. Amekuja kwa sababu alikuwamo katika karatasi ya Kiingereza.

Lililo baya zaidi ni kifo cha "ndi-". Tuna ndimi, ndiwe, ndiye, ndisi, ndinyi, ndio. Tuna ndicho na ndiko na ndivyo. Chombo kamili, kama seti ya patasi ya fundi wa milango ya Mji Mkongwe. Badala yake tunasoma: "Ilikuwa ni mvua ambayo ilisababisha daraja kuvunjika." Mvua ndiyo iliyolivunja daraja! Tunasoma: "Ni mimi ambaye nililima shamba hili," na aliyelima hasa angesema "ndimi niliyelima", akakaa kimya, na kesi ikaisha.

Katika milima hii watu walipata kuamriwa kuchimba matuta ya ngazi. Serikali ya kikoloni ilikuja na mpango wake na mistari yake, ikawalazimisha wakulima ambao wazee wao waliijua ile miteremko tangu kale. Mwaka 1955 ghasia zikazuka, mpango ukaachwa. Siwezi kudai kwamba matuta yote ni mabaya. Nasema tu kwamba kila nikiuona wino mwekundu juu ya sentensi ya mtoto wa Uluguru, nayakumbuka yale matuta: mstari mzuri uliochorwa na mtu ambaye maji ya mvua hajayaona yanakopita.

Sasa niturudie sisi watu wa visiwani, wenye kurasa hizi. Tusijifiche nyuma ya mwalimu wa bara. Lahaja yetu ya Unguja ndiyo iliyochaguliwa mwaka 1928 kuwa msingi wa Kiswahili Sanifu, na tangu hapo tumekuwa na desturi ya kuwatazama wa bara kama wapangaji katika nyumba yetu. Mama wa Mgeta akisema "bei sikuipandisha mimi" twaweza hata kutabasamu. Akiyasema malenga wetu, tunapiga vidole. Na ajabu nyingine, huku tukipiga vidole tunakubali sifa hiyo ipewe jina la uharibifu. Kuboronga! Neno la mtu aliyeharibu kazi, fundi aliyekata kanzu mikono ikapishana. Zamani nilikuwa nikilikuta neno hilo hasa katika vitabu vya maandalizi ya mtihani vya Kenya. Sasa limenipokea Bigwa, katika daftari la mpwa wangu. Mimi mwenyewe nimelitumia, tena katika mihadhara, na mara moja nilimsifu marehemu rafiki yangu kwamba "ameboronga kwa ustadi". Alinitazama, akanywa kahawa yake. Leo ndipo nafahamu alichoninyamazia.

Hoja ya wanaoliteta jina hili iko wapi? Wanasema mshairi hupangua maneno kwa kulazimishwa na vina na mizani. Na tuipime hoja hiyo kwa mshororo niliounda mwenyewe kwa ajili ya mjadala huu, usio wa mtu yeyote. Mto Ruvu huanzia katika milima ya Uluguru, na maji yake hunywewa Dar es Salaam; basi mtu wa mjini aweza kukiri hivi:

Maji tumeyanywa sisi, mlima waliulinda.

Mizani kumi na sita, nane kwa nane. Sasa tuunyooshe kwa wino mwekundu:

Sisi tumeyanywa maji, waliulinda mlima.

Hesabuni: nane kwa nane tena. Mizani haikuongezeka wala haikupungua. Vina vimebadilika, ndiyo, lakini kina cha "ma" hakina uhaba kuliko cha "nda". Mtunzi angeweza kuendelea na kimoja au kingine mpaka beti zimalizike. Kwa hiyo mizani haikumlazimisha kitu, na vina navyo vilimwachia hiari. Kwa nini basi achague wa kwanza? Kwa sababu katika wa kwanza maji yametangulia, na mlima umetangulia, vitu viwili vimesimama uso kwa uso. Na "sisi" imeangukia mahali pa lawama, penye kituo, ambapo msomaji hawezi kuipita bila kuikanyaga. Katika wa pili mnywaji amekaa mbele kama mgeni rasmi, na waliolinda hawajulikani kama wamelinda au wamepita njia. Mtunzi alichagua uzito. Alifanya alilofanya mama wa nyanya, kwa chombo kile kile.

Nikiri upande wa pili, nisije nikaonekana natetea kila kilicho kombo. Wako wanaoboronga kweli. Mtu anayeandika "nyeupe kanzu nimevaa" kwa kuwa anatafuta "vaa" mwishoni, bila ya kuwapo kanzu nyeusi ya kushindana nayo, huyo ameboronga, na aambiwe. Sifa haitangulii jina kwa Kiswahili kwa kutembea tu. Kipimo ni chepesi: lirudishe neno mahali pa kawaida, kisha sikiliza. Pakipotea kitu, mtunzi alikuwa na sababu. Pasipopotea chochote ila kina, basi kina ndicho kilichotunga shairi, na mtunzi alishika kalamu tu. Lakini kasoro ya watunzi dhaifu haiwezi kuwa jina la ufundi mzima.

Tena sisi tulioleleka na taarab tungepaswa kuwa wa mwisho kulisahau hili. Nani hajaona ukumbini namna neno "wewe" linavyopangiwa mahali, na mwimbaji akalifikia taratibu, na bibi mmoja akanyanyuka na noti yake mkononi, akapita polepole mbele ya meza ya mwenziwe aliyemkusudia? Ondoa lile "wewe" hapo lilipo, ulipeleke mwanzo wa mstari kwa utii wa kiima na kitenzi, na yule bibi atabaki kitini. Morogoro nayo haikuwa kiziwi. Mji uliowapa watu Salum Abdallah na Cuban Marimba, ukawapa Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz, ni mji uliojua kwamba wimbo hukaa vizuri sikioni ukiufuata usemi wa watu.

Mwalimu mmoja niliyemweleza haya, mtu muungwana, alinijibu kwamba insha ni maandishi rasmi, na urasmi unataka mpangilio. Nakubali kwamba unataka mpangilio. Swali ni mpangilio gani. Sentensi rasmi nayo ina jambo inalolizungumzia na jambo inalolisema juu yake, na Kiswahili kina njia ya kuonesha lipi ni lipi. "Ardhi wameirithi kwa mama zao" na "wamerithi ardhi kwa mama zao" zote zaweza kuingia katika hukumu ya mahakama. Ya kwanza inajibu habari ya ardhi, ya pili inajibu habari ya watu. Hakimu asiyezitofautisha atatoa hukumu isiyojibu kesi. Mwalimu akaniambia pia, kwa sauti ya chini, kwamba ana wanafunzi wengi mno darasani, na mwongozo wa kusahihisha haumruhusu kusimama juu ya kila sentensi akaisikiliza. Hapo sikuwa na la kumjibu, wala sitajifanya ninalo.

Ninaloweza kuliomba ni dogo. Wahakiki wetu na waandishi wa miongozo waliache neno "kuboronga" kwa waborongaji. Mpango huu wa maneno waupe jina lake la haki, wauite mkazo, au utangulizaji, au wauulize ukumbi wa malenga uutafutie jina. Na waufundishe katika somo la sarufi kabla hawajaufikia ushairi, kwa mifano ya sokoni kwanza. Nasi wahariri wa kurasa kama hizi, kabla hatujalivuta neno la mtunzi na kulirudisha "mahali pake", tuisome sentensi kwa sauti mara mbili.

Nilimweleza mpwa wangu sehemu ya haya usiku ule, mvua ikigonga mabati. Alisikiliza vizuri, kidevu juu ya magoti. Nilipomaliza nikamuuliza: mtihani ukiletwa, ukaulizwa mshairi amefanya nini katika mshororo fulani, utaandika nini?

"Ameboronga sarufi," akasema. "Ndilo jibu lao."

Nadhani aliuona uso wangu, maana alilifunga daftari na kuniwekea mkono begani.

"Kuandika nitaandika, mjomba."